Jezi Tunazo. Kocha Ndio Hatuna

Leo nitakosana na watu, na nishajiandaa. Kama wewe ni mheshimiwa, ama ni chawa wa mheshimiwa, ama ni yule msee ambaye kila uchaguzi ukikaribia anaonekana Ukunda na gunia la jezi, soma mpaka mwisho ndio uje unitukane.

Siku kadhaa zilizopita niliweka klipu ya kocha wa baske kutoka Lithuania, anaitwa Šarūnas Jasikevičius. Jina gumu, najua. Wenyewe wanamuita Šaras. Klipu ni ya 2017. Timu yake iko katikati ya mechi za nusu fainali, na mwandishi mmoja anamuuliza vipi amemruhusu mchezaji wake aondoke ati kwa sababu mtoto wake anazaliwa. Šaras akamkazia macho. Akamjibu kwamba siku yeye mwandishi akipata mtoto ataelewa. Hiyo klipu ilizunguka dunia.

Nyinyi mkanijia kwa jumbe: "Wachana na wazungu, ongea mambo ya Kwale."

Sawa. Haya ndiyo mambo ya Kwale.

Kwanza mjue huyu mtu ni nani. Amezaliwa mji wa Kaunas, 1976. Akaenda kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Maryland, akamaliza 1998, na siku ya NBA kuchagua wachezaji hakuna timu hata moja iliyomtaja. Hata moja! Wengi wetu hapo tungeuza viatu. Yeye akarudi kwao, akacheza Vilnius, akaenda Slovenia, halafu Barcelona. 2003 akabeba EuroLeague na Barcelona. 2004 na 2005 akaibeba na Maccabi Tel Aviv. 2009 akaibeba tena na Panathinaikos ya Ugiriki. Vikombe 4, klabu 3. Hapo katikati NBA ikamuita, akacheza Indiana na Golden State. Na kwenye Olimpiki ya Athens, 2004, aliwapiga Marekani pointi 28 peke yake, Lithuania ikashinda 94 kwa 90.

Hakuwa na mbio na hakuwa wa kuruka. Alikuwa anaona pasi kabla wewe hujajua kuna nafasi.

Sasa sikiza sehemu yangu. 2014 alistaafu akiwa Žalgiris, timu ya mji wake. Mwaka huo huo, kwenye timu hiyo hiyo, akawa kocha msaidizi. Msaidizi, mazee. Mtu mwenye vikombe 4 vya Ulaya anakaa pembeni, anabeba kibao, anamsikiliza kocha mwingine. Akafanya hivyo mpaka Januari 2016 ndio akapewa timu. 2018 akaifikisha kwenye timu nne bora za Ulaya, wakamaliza wa tatu, na klabu yenyewe bajeti yake haikaribii ya wale matajiri wa Uhispania na Urusi. 2020 Barcelona wakamchukua. 2025 akiwa na Fenerbahçe ya Uturuki akashinda EuroLeague, safari hii akiwa amesimama kando ya uwanja na suti.

Lithuania nzima haifiki watu milioni 3. Chukua sensa yetu ya 2019: Kwale 866,820, Mombasa 1,208,333, Kilifi 1,453,787. Jumlisha mwenyewe. Kaunti tatu za Pwani zina zaidi ya watu milioni 3 na nusu. Tuna watu wengi kuliko nchi iliyochukua medali ya shaba ya Olimpiki mara 3 mfululizo, 1992, 1996 na 2000.

Kwa hivyo usiniambie ni idadi. Usiniambie ni urefu pia, nimeona vijana wa Kinango wanaoinama kuingia kwenye matatu.

Kwale, mchezaji akiacha kucheza tunamtupa. Kila anachokijua kinaondoka naye. Kisha kizazi kinachofuata kinaanza upya kutoka sifuri, kinafanya makosa yale yale, nacho kinatupwa. Wenzetu wameukataa huo ujinga.

Lithuania walianza kuukataa zamani sana. Timu yao ilipokuwa bingwa wa Ulaya 1939, kocha wake alikuwa ndani ya uwanja anacheza: Pranas Lubinas, mzaliwa wa Marekani mwenye asili ya Lithuania, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya 1936 na Marekani halafu akaenda kufundisha kwao. Walipojitoa kwa Wasovieti, staa wao Šarūnas Marčiulionis akafungua shule ya baske Vilnius mwaka 1992, bado anacheza NBA. Arvydas Sabonis naye akafungua yake Kaunas miaka miwili baadaye. Hao ni watu waliokuwa juu kabisa, na wakati huo nchi yao haikuwa na pesa za kuchezea. Šaras hakuanguka kutoka mbinguni. Amekulia mahali ambapo mchezaji mkubwa anatarajiwa arudi na kitu.

Hebu nirudi Ukunda.

Mimi nilifundishwa baske na mtu mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu hajaniruhusu. Alikuwa amecheza Mombasa, timu nzuri, enzi zake. Goti likamkataa, akarudi nyumbani. Usiku alikuwa askari wa geti kwenye hoteli moja Diani. Asubuhi analala. Saa kumi jioni yuko kwenye kiwanja cha shule, cha simiti, ringi moja imepinda na nyingine haina wavu, na mpira mmoja. Tulikuwa watoto 20 na kitu. Huyo kaka hakuwahi kulipwa hata shilingi. Mara nyingine maji ya kunywa alinunua yeye.

Alitufundisha kusimama. Mtoto wa miaka 13 anataka kudanki, yeye anakusimamisha magoti yamekunjwa, mikono wazi, dakika kumi, mpaka unalia. "Miguu kwanza." Niliichukia hiyo sentensi. Leo nikiangalia mechi, nikiona mtu anapitwa, naona miguu kabla ya kitu kingine chochote. Hicho ndicho alichonipa, na hakipatikani kwenye jezi.

Kisha kukaja kombe. Kombe la nani, haina haja, mnajua haya makombe, yanafanana. Spika kubwa, hema, picha za mtu mmoja kila mahali. Tulipewa jezi mpya za njano. Kocha aliuliza kama kuna chochote cha mazoezi, hata mipira 5. Akaambiwa bajeti ni ya siku ya fainali tu. Kwenye kupeana zawadi hata jina lake halikusomwa. Mgeni wa heshima alisema tumeonyesha kwamba "talanta ipo mashinani". Bana, talanta ilikuwa imesimama nyuma ya hema ikitukusanyia viatu.

Mwaka uliofuata alienda Qatar kufanya kazi ya ulinzi. Simlaumu, ana watoto. Mtu aliyetufundisha kulinda ringi sasa analinda geti la watu wengine, na jezi ya njano ninayo bado. Naoshea pikipiki.

Najua mtakachosema. Nitajibu kimoja kimoja.

Wa kwanza atasema hatuna viwanja. Kweli, vichache na vibovu. Lakini angalia majirani zetu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru 2011, vita juu ya vita, hata uwanja mmoja wa ndani wa baske wa hadhi ya kimataifa hawakuwa nao. Luol Deng alikimbia huko akiwa mtoto, familia ikafika Misri, na huko Manute Bol, jitu lile la NBA, akamshika mkono na kumfundisha. Mnaona? Mchezaji alimfundisha mtoto mkimbizi. Mtoto akakulia London, akafika Chicago Bulls, akawa kwenye kikosi cha mastaa wa NBA 2012 na 2013. Akastaafu 2019, na mwaka huo huo akawa rais wa shirikisho la baske la nchi yake. Novemba 2020, kwenye mechi za kufuzu, alikaa benchi yeye mwenyewe kama kocha. Alitoa pesa zake mfukoni. Kisha ukocha akampa Royal Ivey, naye mchezaji wa zamani wa NBA aliyekuwa ameshaingia kwenye ukocha.

Mwaka 2021, kombe la Afrika pale Kigali, hao Sudan Kusini walitutoa sisi Kenya kwa pointi 2 tu, 60 kwa 58. Pointi 2! Tulikuwa nao sawa. Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, wako London wanacheza na Marekani ya LeBron, wanaongoza kwa pointi 16 kuna wakati, wanashindwa 101 kwa 100. Wakaenda Olimpiki ya Paris wakawapiga Puerto Rico 90 kwa 79. Sisi tulikuwa nyumbani tunaangalia kwa simu. Wao hawakuwa na kiwanja. Walikuwa na watu waliocheza, wakarudi.

Wa pili atasema si kila staa anaweza kuwa kocha. Hapo umesema kweli, na nakupa heshima yako. Timu yetu ya Morans ilipofuzu kwenda hiyo Kigali, mara ya kwanza tangu 1993, kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke wa Australia. Hakuja na jina la ustaa wa NBA. Alikuja na miaka ya kufanya kazi ya ukocha Zambia na Cameroon, na akatufikisha. Mlimkumbuka Tylor Ongwae tu, kwa ule mtupo wa mwisho uliowamaliza Angola 74 kwa 73, na ni haki yake. Lakini ukocha ni kazi inayosomewa. Ndio maana Šaras pamoja na vikombe vyake alianza kama msaidizi. Sisemi mpe filimbi kila mtu aliyewahi kufunga pointi 30. Nasema mtu aliyecheza miaka 10 ana mtaji tayari, msomeshe hiyo nusu iliyobaki. Ni rahisi kuliko kuanza na mtu asiyejua chochote, na ni rahisi kuliko kuomba mgeni kila miaka minne.

Wa tatu atasema Kwale ni soka, baske ni ya watu wa Nairobi. Sawa, badilisha mpira basi. Nenda Msambweni jioni, nenda Gazi, nenda Lunga Lunga, uulize wale waliokuwa wanawika na mpira wa miguu miaka 15 iliyopita wako wapi. Kwenye bodaboda. Kwenye mjengo. Wengine ufukweni wanauzia watalii safari za boti. Ni kazi halali zote, sidharau, riziki ni riziki. Lakini hesabu wangapi kati yao wamelipiwa hata kozi ya leseni ya chini kabisa ya CAF. Mimi katika wale ninaowajua sijampata hata mmoja.

Na msiniambie kufundishana si utamaduni wetu. Kwani chuoni mlisomaje? Si yule mkubwa aliyemaliza juzuu ndiye aliyewashika wadogo wa alifu, ustadhi akiwa anaangalia kwa jicho? Kule Shimoni, nahodha hapewi chombo kwa sababu ana jezi ya unahodha. Amekaa miaka anavuta kamba, anamwagia maji nje, anasoma upepo kwa mzee wake. Elimu yetu yote ya Pwani imeenda hivyo, mkono kwa mkono. Mchezo peke yake ndio tumeamua uende kwa gunia.

Mfano tunao hata karibu. Moving the Goalposts walianza Kilifi 2001 na soka ya wasichana. Msichana anaanza kama mchezaji, anakua anakuwa kocha, refa, kiongozi wa timu ya wadogo zake. Nenda ukaone wasichana wakipuliza filimbi na wanaume wazima wanatii. Hawakusubiri uwanja wa kimataifa.

Wa nne, chawa mkuu, atasema pesa hakuna na hiyo ni kazi ya serikali kuu. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Michezo na vifaa vyake vimeorodheshwa kwenye kazi za kaunti. Kaunti, hapo hapo Kwale mjini, unapanda gari unafika. Tuna wadi 20. Kila wadi itoe watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waliowahi kucheza, wa mchezo wowote. Hao ni 40. Wapelekwe kozi, warudi, walipwe posho ya saa za jioni kwa masharti kwamba kiwanja hakikai bila wao. Watu 40 kwa kaunti nzima! Tunalipa watu wangapi kusimama nyuma ya mheshimiwa wakipiga makofi?

Na hoteli za Diani, nyinyi pia nawaona. Kila mwaka picha na watoto, mipira 2, keki. Shukran. Mwaka huu badala ya keki, mchukue askari wenu mmoja aliyewahi kucheza, mumpe zamu ya asubuhi ili jioni awe kiwanjani. Hiyo haigharimu chochote. Kocha wetu angepewa hiyo zamu moja tu, huenda leo angekuwa Ukunda.

Sasa wachezaji wenzangu, msicheke, nanyi zamu yenu imefika. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi wenu mkishapata jina mtaani hamtaki kusikia neno "msaidizi". Unaambiwa njoo ushike watoto wa chini ya miaka 12, unasema hiyo si levo yako. Šaras alibeba kibao. Deng alikaa benchi ya timu ambayo dunia haikuijua. Wewe uliyekuwa nyota wa michezo ya shule za sekondari, levo yako ni ipi hasa?

Na mimi pia. Nimepata wafuasi kwa kuweka klipu za kudanki. Sijawahi kuweka klipu ya mtu akifundisha watoto kusimama, kwa sababu najua hamtaitazama. Nimechangia ujinga huu wallahi, na siwezi kunyooshea wengine kidole nikijificha.

Mwezi uliopita kocha wetu alinitumia sauti kwa WhatsApp, usiku, akiwa zamu. Hakulalamika. Aliuliza kitu kimoja: "Wale wadogo nani anawashika siku hizi?" Nikapita pale kiwanjani kabla sijamjibu. Saa kumi na nusu. Watoto 11 walikuwepo, mpira mmoja, kila mtu anarusha kutoka mbali kama Curry, hakuna hata mmoja aliyekunja magoti. Hakuna mtu mzima.

Ilibidi nimwambie ukweli. Akanyamaza, kisha akanitumia sauti ya dakika nane anaeleza mazoezi ya siku ya kwanza, hatua kwa hatua, kutoka Qatar.

Kwa hivyo Jumamosi zangu sasa niko pale. Sina leseni, sijui nusu ya ninachofanya, nacheza ile sauti kwa simu na kurudia anachosema. Miguu kwanza. Watoto wananichukia tayari.

Kama uliwahi kuchezea shule yako, kijiji chako, timu yoyote, na uko Ukunda ama Diani ama unaweza kufika kutoka Msambweni, njoo. Saa kumi jioni. Lete goti lako bovu, lete unachokumbuka. Jezi usilete.